Je, Ninunue Nyumba Kuukuu?

Ilikuwa mwezi wa Juni, mvua za masika zimekwisha. Darasa lilipofungwa jioni, mama mmoja mwanakisomo alibaki kwenye benchi. Mumewe alifariki miaka mitatu kabla ya hapo, naye ana watoto 4. Masika yale yaliangusha ukuta wa chumba walichokuwa wakilala. Bahati nzuri uliangukia nje.

"Mwalimu," alisema, "nina shilingi 4,200,000. Ni fedha za ufuta wa misimu miwili, nyingine nimevuna kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kuna nyumba inauzwa kule karibu na mashine ya kusaga. Ina vyumba 4 na bati juu. Kijana anataka milioni tatu. Asema akikosa mtu kufika Ijumaa atamwuzia mfanyabiashara wa mjini. Nifanye nini?"

Nikamwambia, "Nunua, mama." Nilisema hivyo mara moja, bila hata kwenda kuitazama nyumba yenyewe. Sikufanya vizuri, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika somo hili.

Watu wengi vijijini hununua nyumba kuukuu. Wengine hupata nyumba nzuri kwa bei nafuu. Nyumba yenye msingi imara na kuta zilizosimama wima huweza kumwokolea mnunuzi nusu ya gharama ya kujenga upya. Wengine hununua hasara. Tofauti ya watu hawa wawili mara nyingi ni siku moja au mbili za kutazama, kuuliza na kuhesabu.

Alhamisi tuliahirisha somo la kusoma. Tulikwenda wanakisomo 11, pamoja na fundi mwashi mmoja ambaye naye ni mwanakisomo. Tulichukua kamba, jiwe, msumari mrefu, nyundo, futi na daftari.

Kuanzia chini

Mtu akienda kutazama nyumba, macho yake huanza na paa, kisha mlango, kisha rangi. Fundi wetu alitukataza. "Nyumba hutazamwa kama mti," alisema, "kuanzia kwenye mzizi."

Nyumba ile ilijengwa kwa tofali mbichi, yaani tofali za udongo zisizochomwa. Wazee wanasema ilijengwa mwaka 1976, wakati wa vijiji vipya. Msingi wake ni wa mawe, lakini umeinuka juu ya ardhi kiasi cha kiganja tu. Hapo pana jambo la kujua. Maji ya mvua yanapoanguka kutoka kwenye paa hupiga ardhi na kuruka. Yanaporuka hulowesha sehemu ya chini ya ukuta. Tofali mbichi likilowa na kukauka, likilowa na kukauka, mwaka hata mwaka, hulika kama sabuni. Ukuta hubaki mnene juu na mwembamba chini. Siku moja masika yakizidi, huanguka. Ndivyo ulivyoanguka ukuta wa yule mama.

Tulichoma msumari kwenye ukuta, chini kabisa, kila baada ya hatua moja. Upande wa mashariki msumari haukuingia. Upande wa magharibi, unaopigwa na mvua, uliingia wote bila kupigwa nyundo. Tukaandika daftarini: ukuta wa magharibi, hatua 7, umeliwa chini.

Ukuta ulioliwa hutengenezwa. Sehemu iliyooza huondolewa kidogo kidogo, si yote kwa mara moja, na kujazwa mawe au tofali za kuchoma. Kisha paa hurefushwa ili litokeze nje ya ukuta angalau sentimita 60, na ardhi huinamishwa ili maji yaondoke nyumbani. Lakini wenye nyumba wengi hawafanyi hivyo. Hupaka lipu ya saruji juu ya udongo uliooza, wakapaka na rangi, nyumba ikang'aa. Saruji ni ngumu, udongo ni laini. Udongo ukinyonya maji huvimba, ukikauka husinyaa, na saruji haiwezi kuufuata. Hupasuka. Maji huingia kwenye ufa na kukaa nyuma ya lipu, yasiweze kutoka, nao ukuta huendelea kuoza mahali usipoona. Kwa hiyo ukikuta nyumba ya udongo imepigwa lipu mpya ya saruji chini tu, kiasi cha goti, na juu haikupigwa, gonga kwa vidole. Ikilia kama mtungi mtupu, kuna jambo limefichwa.

Mimi mwenyewe nilishindwa hapo. Miaka michache iliyopita, katika kituo changu cha kwanza cha kazi, nilinunua nyumba ya vyumba 2 kwa mtu ambaye sitamtaja. Ilikuwa na lipu mpya na rangi ya samawati. Masika ya kwanza lipu yote ya chini ilidondoka, na nyuma yake tulikuta majani makavu na matope.

Watu wa pwani wenye nyumba za mawe na chokaa wana tatizo linalofanana na hili. Kuta zile zilijengwa kwa chokaa, nazo hupumua. Ukizifunika kwa saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani, na boriti za mikoko zilizoingia ukutani huoza kwenye ncha. Nyumba ya chokaa hutengenezwa kwa chokaa.

Nyufa

Nyumba kuukuu isiyo na ufa ni adimu. Swali ni hili: ufa umelala au unatembea?

Ufa mwembamba kama unywele katika lipu si hatari. Ufa unaoshuka kimshazari kutoka pembe ya dirisha, ukipanuka juu hata kidole kikaingia, unaonyesha kwamba sehemu moja ya msingi inazama. Hasa jihadharini na nyumba zilizojengwa juu ya udongo mweusi wa mbuga. Udongo ule huvimba masika na kupasuka kiangazi, na nyumba iliyo juu yake hupanda na kushuka. Hakuna lipu inayotibu jambo hilo.

Ukitaka kujua kama ufa unatembea, chora mstari wa penseli kwenye kila mwisho wa ufa na uandike tarehe. Au bandika donge dogo la saruji kukatisha ufa. Rudi baada ya mwezi, au bora zaidi baada ya mvua. Ufa ukipita mstari wako, au donge likikatika, nyumba inatembea. Mwuzaji mwenye haraka hatapenda jambo hili. Hapo waulize majirani: ufa ule ulikuwapo mwaka jana? Ulikuwa mrefu kiasi gani? Jirani hana haja ya kukuficha.

Tulitundika jiwe kwenye kamba tukaliteremsha kutoka juu ya ukuta. Hilo ni timazi la maskini, lakini husema kweli kama timazi la duka. Kuta tatu zilikuwa wima. Ukuta wa magharibi ulikuwa umelala nje kwa upana wa vidole vitatu.

Halafu uliza choo cha zamani kilikuwa wapi. Watu hucheka wakiulizwa, lakini kila nyumba ya tangu miaka ya 1970 imechimbiwa vyoo viwili vitatu. Shimo lililofukiwa huendelea kuzama kwa miaka mingi. Kama jiko au chumba kipya kimejengwa juu yake, kitapasuka. Pima pia kutoka chooni hadi kisimani. Zisipungue mita 30, na choo kisiwe upande wa juu wa mteremko.

Paa

Fundi alituingiza ndani saa sita mchana, akafunga mlango na madirisha. Tulisimama gizani. Ghafla tukaona juu vijishimo vingi vya mwanga kama nyota. Wanakisomo walicheka. Yule mama hakucheka.

Mashimo ya misumari peke yake huzibwa. Lakini bati lililoliwa na kutu upande wa ndani, ambalo ukilibonyeza kwa kidole gumba hulegea, limekwisha. Mabati yale yalikuwa hivyo. Ukinunua mapya kumbuka kwamba geji ni hesabu ya kinyume. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 30, na la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Mwenye duka asikuambie kwamba namba kubwa ndiyo bati nene.

Mbao tulizigonga kwa nyundo moja baada ya moja. Mbao nzima hulia kwa sauti kavu. Iliyoliwa na mchwa hulia hafifu, kama boga lililooza. Tafuta pia njia za udongo zinazopanda ukutani kutoka sakafuni hadi kwenye kenchi, kwa maana mchwa hawapendi mwanga na hujenga barabara yao ya kufunikwa. Ukizikwangua na kesho ukazikuta zimejengwa tena, mchwa wapo kazini. Kupaka oili chafu huwachelewesha tu. Mbao iliyokwisha kuliwa haiponi.

Mkiikuta nyumba ya zamani, kama vile ya shamba kubwa au ya taasisi, iliyoezekwa kwa asbesto, msiikate kwa msumeno wala msiivunje kwa nyundo. Vumbi lake likivutwa huharibu mapafu, na ugonjwa huweza kutokea baada ya miaka mingi. Ulizeni kwanza ofisi ya afya ya wilaya.

Hesabu

Tulirudi darasani tukaandika ubaoni. Urefu wa paa pamoja na vitokezo ni mita 10 na nusu. Bati moja likilaliana na jirani yake hufunika sentimita 75. Kwa hiyo mstari mmoja unataka mabati 14. Kila upande wa paa unataka mistari miwili, na paa lina pande mbili. 14 mara 2, mara 2 tena, ni mabati 56. Kijana wa nyuma aliyekuwa akisema kwamba kuzidisha hakuna faida alinyamaza.

Bei hizi ni za siku ile dukani kwetu. Wewe uliza za kwako.

Mabati 56 kwa shilingi 24,000 ni 1,344,000. Mbao za papi na kenchi, 268,000. Misumari, 50,000. Mawe, 120,000. Saruji mifuko 12, 204,000. Mchanga, 100,000. Ufundi, 500,000. Choo kipya, 350,000. Jumla shilingi 2,936,000.

Fundi akasema, "Ongezeni sehemu moja ya tano." Tukamwuliza ya nini. Akajibu kwamba hajapata kufungua ukuta wa zamani akakuta alichotegemea. Sehemu moja ya tano ni 587,200. Matengenezo yakawa 3,523,200. Jumlisha bei ya nyumba 3,000,000. Nyumba ile ya milioni tatu ilikuwa nyumba ya shilingi 6,523,200, naye mama alikuwa na 4,200,000.

Mtu mmoja alisema angeweza kununua sasa na kutengeneza pole pole. Ni kweli, wengi hufanya hivyo, na kwa nyumba nyingine ni njia nzuri. Lakini kuna matengenezo yanayongoja na yasiyongoja. Sakafu hungoja. Dirisha hungoja. Paa linalovuja juu ya ukuta wa tofali mbichi halingoji, maana masika moja huweza kuchukua ukuta ambao leo ni mzima. Fedha zikibaki 1,200,000 baada ya kununua, hazitoshi hata mabati.

Mwenye mali ni nani?

Hayo yote ni ya macho na nyundo. Kuna jambo lisiloonekana kwa macho.

Tulipokuwa tukipima, tulimkuta bibi mmoja mzee ameketi uani anapepeta mchele. Yule kijana hakumtaja. Mama akamsalimia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba mwanangu. Mmekuja kutengeneza paa?"

Bibi alikuwa mke mdogo wa marehemu mwenye nyumba. Kijana ni mtoto wa mke mkubwa. Bibi alikuwa ameishi katika chumba cha uani tangu alipoolewa, na hakuwa amesikia kwamba nyumba inauzwa.

Mama alisimama kimya. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na huyu atakwenda wapi?"

Sheria iko hivi. Mwenye nyumba akifa, mtoto wake hawi mwuzaji kwa sababu tu funguo ziko mfukoni mwake. Ukoo hukaa, hupendekeza msimamizi wa mirathi, naye huthibitishwa na mahakama. Kwa watu wengi wa vijijini ni Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi ndiye mwenye mamlaka ya kuuza, tena kwa faida ya warithi wote. Mwambie mwuzaji akuonyeshe barua ya mahakama yenye mhuri. Kama hana, usimpe hata shilingi elfu kumi ya kishika nafasi.

Mwuzaji akiwa hai na ana mke au mume, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa hiyo iandikwe, naye awepo siku ya kuandikiana. "Mke wangu anajua" si ridhaa.

Tena kuna kiwanja. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Mauziano bila kibali cha halmashauri huweza kutamkwa kuwa batili mahakamani, hata kama mmeandikiana mbele ya mashahidi 10. Kwa hiyo nenda kwa mtendaji wa kijiji, omba jambo lako lipelekwe kwenye kikao, na kibali kiandikwe. Uliza kama kiwanja kina hati ya haki miliki ya kimila, na jina lililoandikwa ni la nani.

Katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa Operesheni Vijiji huweza kutokea mtu akisema, "Hapa palikuwa shamba la babu yangu kabla ya 1974." Sheria hiyo ya 1999 imeliangalia jambo hili. Ardhi waliyogawiwa watu kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977 ili wakae vijijini imethibitishwa kuwa waligawiwa kihalali. Hata hivyo, ugomvi ni ugomvi. Kukiwa na dai, lipelekwe kwanza kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye watu 7, na watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Suluhisha kabla ya kulipa, si baada ya kulipa.

Nyumba ikiwa kando ya barabara kuu au ya mkoa, pima. Tangu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara hizo ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Ukiona X nyekundu ukutani, au mahali palipopakwa rangi upya panapofanana na X, uliza. Kando ya mto ni mita 60 kwa mujibu wa Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004.

Ijumaa ilivyokuwa

Ijumaa kijana alikuja. Mama alimwambia, "Mwanangu, kaeni ukoo, mwende mahakamani, na bibi asikilizwe. Mkimaliza, mniite. Na bei yenu itazame tena, maana paa limekufa." Kijana alikasirika. Alisema wanawake wa kisomo wana maneno mengi. Mfanyabiashara wa mjini hakutokea Ijumaa ile wala Ijumaa iliyofuata.

Mama alikuwa na kiwanja chake, kile cha chumba kilichoanguka. Alikuwa pia na tofali 3,000 za kuchoma alizofyatua na mumewe. Hatukuziweka hesabuni mwanzoni, maana alizizoea kuziona zimefunikwa majani na hakuziita fedha. Fundi alikadiria vyumba 2 vyenye msingi ulioinuka na paa la geji 30 kwa shilingi 3,850,000, wanakikundi wakisaidia maji na mchanga. Alianza mwezi wa Julai. Paa lilipanda wiki moja kabla ya vuli. Sakafu bado ni ya udongo, na dirisha moja limezibwa kwa ubao.

Nyumba ya karibu na mashine haijauzwa. Ukoo ulikaa mara mbili bila kuelewana. Bibi bado yuko kwenye chumba cha uani. Masika yaliyofuata, wanakisomo watatu walikwenda kumwegemezea nguzo ukuta wa magharibi.

Zungumzeni darasani

1. Nendeni mkaangalie nyumba moja kuukuu kijijini kwa ruhusa ya mwenyewe. Msingi umeinuka kiasi gani? Paa limetokeza kiasi gani?

2. Ikiwa bei ya bati ni shilingi 26,500, mabati 56 ni shilingi ngapi?

3. Kama ukoo ungekubaliana na bei ikashushwa hadi shilingi 1,500,000, je, mama angenunua? Fanyeni hesabu, kisha jibuni. Kumbukeni chumba cha bibi.